Kabla Mtoto Hajavuka Bahari: Tuliyojifunza Tulipompeleka Binti Yetu Kusoma Ng'ambo



Jioni tuliyopata habari kwamba binti yetu amechaguliwa kwenda kusoma Marekani kwa mwaka mmoja, nyumba yetu ya Mji wa Kale ilijaa watu kabla ya sala ya isha. Waliokuja kutupongeza walikuwa wengi, na waliokuja kutuonya hawakuwa wachache. Nyanya yake alikaa kimya hadi mgeni wa mwisho alipovaa viatu vyake na kuaga. Ndipo alipotuuliza swali moja tu: atakayerudi atakuwa ni huyu huyu tunayempeleka, au atakuwa mwingine?

Hatukuwa na jawabu. Tulikuwa na miezi minne ya kujitayarisha, na tukaitumia kama tulivyojua. Mengine tuliyapatia, na jambo moja kubwa tulilikosea. Kwa kuwa wazazi wenzetu wamekuwa wakitujia msikitini na majumbani kutuuliza habari za safari kama hii, tumeona ni amana juu yetu kuyaandika yote mawili, tuliyoyapatia na tuliyoyakosea.

Kwanza tukumbushane kwamba safari ya elimu si jambo geni kwetu. Babu zetu walipanda majahazi kwenda Hadhramaut na Hijaz kusoma kwa mashekhe, na wengine walikuja kwetu kutoka Ngazija na kwingineko, wakasomesha na wakazikwa hapa. Na katika elimu ya kisasa, tunaye Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1933. Alikuwa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, mahali ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kabla ya kupata ufadhili wa kwenda Uingereza. Alianzia Huddersfield kukamilisha masomo ya sekondari, ndipo akaendelea Manchester, New York na Oxford. Alipofariki mwaka 2014 huko Marekani, maiti yake ililetwa nyumbani na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome ya Yesu. Nyanya yetu aliposimuliwa habari hizo alitujibu kwamba yule alikuwa mwanamume mzima alipoondoka, na huyu ni mtoto wa miaka kumi na sita. Alikuwa na haki. Mwanafunzi wa sekondari haendi kuishi bwenini na watu wazima wenzake. Anakwenda kuishi ndani ya nyumba ya watu, akawa kama mtoto wao.

Mpango wenyewe

Mpango uliomchukua binti yetu hujulikana kwa jina la YES. Ulianzishwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wapate kukaa Marekani mwaka mmoja wa masomo, wawajue watu wa huko na wao wajulikane. Umepewa majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka vijana. Nauli, bima ya afya na posho ndogo ya kila mwezi hulipwa na serikali ya Marekani. Kwa hiyo mtu akikuambia umpe fedha ili mwanao apate nafasi, jua kwamba huyo ni mlaghai. Mipango ya serikali hubadilika kila mwaka pamoja na bajeti, hivyo mzazi na aulize mapema kama nafasi zimetangazwa, wala asitegemee habari za mwaka jana.

Yako mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua kuhusu viza ya wanafunzi wa sekondari wanaokwenda Marekani kwa kubadilishana. Mwanafunzi huwa na umri wa kuanzia miaka 15, asizidi 18 na nusu, na asiwe amesoma zaidi ya miaka 11 ya msingi na sekondari. Familia inayompokea hailipwi mshahara kwa kumpokea, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu. Yuko pia mratibu anayekaa karibu na eneo hilo, ambaye ni wajibu wake kuwasiliana na mwanafunzi kila mwezi. Mwanafunzi haruhusiwi kuajiriwa kazi, na kwa mpango unaolipiwa na serikali, hana budi kurudi kwao akae miaka miwili kabla ya kuweza kuomba ukaazi wa kudumu huko. Sharti hili la mwisho lilitutuliza. Mratibu wa kila mwezi tulimsoma katika karatasi tukampita, na baadaye tukaja kuona kwamba yeye ndiye aliyekuwa muhimu kuliko wote.

Makaratasi

Tulidhani makaratasi yangekuwa kazi ya wiki moja, yakawa kazi ya wiki sita. Sababu ni majina yetu. Katika cheti cha kuzaliwa babake ameandikwa Saleh, katika kitambulisho ni Swaleh, na shuleni binti ameandikwa kwa majina mawili badala ya matatu. Kwetu sisi wote ni mtu mmoja, lakini kwa karani wa pasipoti ni watu watatu. Tunawashauri wazazi watoe vyeti vyote leo, wavipange mezani na walinganishe herufi kwa herufi, kwani kusahihisha jina huchukua muda mrefu kuliko kupata pasipoti yenyewe. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 huhitaji idhini ya wazazi, hivyo baba aliye baharini au Ghuba kikazi atafutwe mapema.

Jambo la pili ni kadi ya kliniki. Shule za Marekani hudai uthibitisho wa chanjo: surua, pepopunda, polio, homa ya ini na nyinginezo. Sisi kadi ya utotoni tuliiona imehifadhiwa ndani ya msahafu wa zamani, alhamdulillahi. Wenzetu walioikosa walilazimika kuwachanja watoto upya.

La tatu ni shule ya hapa nyumbani. Mwaka wa masomo wa huko huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni, ilhali wetu huanza Januari. Mtoto akirudi atawakuta wenzake wamemtangulia, na mwaka aliosoma kule haumpi mtihani wa kitaifa wa hapa. Nendeni kwa mwalimu mkuu kabla ya safari mkubaliane kwa maandishi atarudi darasa gani na lini, awe ni mwanafunzi wa kidato au wa sekondari ya juu ya mtaala mpya. Binti yetu alirudi akakaa darasa moja na waliokuwa nyuma yake. Lilimuuma kidogo, lakini halikumshtua, kwa sababu alilijua tangu mwanzo.

Sala mahali ambapo jua halituli

Hapa Mombasa jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Tofauti haifiki saa moja. Mtoto wetu hazijui nyakati za sala kwa saa, anazijua kwa adhana na kwa harakati za nyumba: maji yakimwagika, mlango ukifunguliwa, babake akikohoa. Alipelekwa jimbo la Wisconsin, kaskazini, katika mji mdogo ambao msikiti wa karibu ulikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Agosti alipofika, isha ilikuwa karibu saa tatu na nusu usiku na alfajiri ikaingia kabla ya saa kumi na moja. Ilipofika Desemba, magharibi ikawa saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Adhuhuri humkuta darasani, alasiri huingia saa nane na dakika chache, na basi la shule humfikisha nyumbani saa tisa na nusu. Akichelewa kidogo tu, alasiri inamponyoka.

Haya tulimtayarishia, na tunashukuru. Miezi miwili kabla ya safari tuliacha kumwamsha alfajiri. Siku za mwanzo ilimpita, akalia, na sisi tukajizuia. Wiki ya tatu akawa anaamka mwenyewe, na kuna asubuhi yeye ndiye aliyetuamsha sisi. Ustadhi wake wa madrasa alimkalisha akamfundisha mambo ambayo mtu wa mjini hayahitaji: namna ya kutafuta kibla, ambacho kutoka kule wengi hukielekea kaskazini mashariki, na kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, aliyenuia kukaa mahali zaidi ya siku nne kamili si msafiri tena, hivyo sala zake atazisali kamili. Kuna vijana waliodhani kwamba watapunguza sala mwaka mzima kwa kuwa wako safarini.

Tulimfundisha pia haki yake. Shule za serikali nchini Marekani haziruhusiwi kuwaongoza wanafunzi katika ibada ya dini yoyote, lakini pia haziruhusiwi kumzuia mwanafunzi kusali mwenyewe katika muda wake wa mapumziko. Na kuna njia yake: kumwendea mshauri wa wanafunzi wiki ya kwanza na kumwomba chumba kitupu kwa dakika kumi wakati wa chakula cha mchana. Alifanya hivyo, akapewa chumba cha mwalimu wa jiografia. Nyumba aliyofikia ilikuwa na mbwa. Aliwaeleza wenyeji kwamba ate la mbwa kwetu ni najisi nzito, huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, akawaomba asiingie chumbani kwake. Hawakuona ajabu. Waliweka kijizuizi mlangoni siku ile ile.

Jambo tulilolikosea

Sasa tufike kwenye lile lililotutia aibu.

Sisi watu wa pwani tuna adabu zetu za ugeni. Mtoto aliyelelewa vizuri akikaribishwa chakula hakimbilii. Husema ahsante, nimeshiba. Mwenyeji humshikilia, naye hukataa tena, na mara ya tatu ndipo anapopokea. Mwenyeji anajua, mgeni anajua, na hakuna anayelala njaa. Tulimkumbusha binti yetu adabu hizi kila siku ya ile miezi minne. Tulimwambia asiwe mzito kwa watu, asilalamike, asiseme mabaya ya nyumba iliyompa hifadhi. Tulimwambia kwamba sitara ni ya Mwislamu.

Kule mtu huulizwa mara moja. Mama wa nyumba alimuuliza kama angependa kuongezewa, akasema hapana, ahsante, na sahani ikaondolewa. Kwao kumshikilia mtu aliyekwisha kukataa ni utovu wa adabu. Isitoshe, nyama ya mezani haikuwa ya kuchinjwa kwa sharia, naye akawa haigusi. Lakini hakusema kwa nini, kwa kuogopa kuwaudhi. Aliogopa hata peremende na vitamutamu vya shuleni, kwa sababu vingine hutiwa jelatini ya nguruwe, naye hakuwa na uhakika wa kipi kina na kipi hakina. Kwa muda wa wiki tano aliishi kwa mkate, ndizi na maziwa. Kila tulipompigia simu alituambia hamna neno, alhamdulillahi, na sisi tukasifu subira yake.

Mratibu ndiye aliyegundua. Alikwenda kumtembelea kama ilivyo wajibu wake, akaona mkono wake umekuwa mwembamba, akamtoa nje wakatembea, akamuuliza kinagaubaga anakula nini. Mtoto akaanza kulia. Jioni ile ile waliketi wote mezani. Mama wa nyumba naye alilia, maana wiki tano zote alidhani mgeni wake anadharau mapishi yake, na alikuwa amekwisha kujiuliza kama alikosea kumpokea. Kuanzia siku ile samaki, mayai na maharagwe vikawa havikosekani, na mara moja kwa mwezi walisafiri hadi mji mkubwa kununua nyama ya halali na kuijaza kwenye friza.

Mratibu alituandikia barua fupi ya upole. Tuliisoma mara mbili, tukamsomea nyanya, na hakuna aliyekula vizuri usiku ule. Wenyeji wake walikuwa watu wema, na mtoto alikuwa mwema pia. Kosa lilikuwa letu. Tulimfundisha kunyamaza, tukaita adabu, na hatukumfundisha wakati wa kusema.

Tukajiuliza, je, ingekuwaje kama jambo lenyewe lingekuwa zito kuliko chakula? Kama angekuwapo mtu wa kumgusa isivyo halali, au kumtisha, au kumdhalilisha? Angetuambia pia hamna neno? Swali hili ndilo linalotufanya tuandike. Sitara tuliyoamrishwa ni kutotangaza aibu za watu. Kuficha dhuluma si sitara, na mtoto hawezi kuijua tofauti hiyo kama wazazi wake hawajamwambia kwa ulimi wao.

Namna ya kumfundisha kusema

Kwa mzazi ambaye mwanawe anangojea safari, tunapendekeza mazoezi ya nyumbani. Mama ajifanye mwenyeji wa ng'ambo, mtoto ajibu kwa Kiingereza, na ndugu zake wasikilize. Ajizoeze kusema bila kuinamisha kichwa: hiki sikili, na sababu yake ni hii, lakini kile nitakila. Ajizoeze kuomba: nahitaji dakika kumi na mahali safi. Ajizoeze kukataa mambo yasiyo ya dini yake, kama vile kukumbatiwa na mwanamume au kwenda kwenye dansi ya shule, kwa tabasamu na bila hotuba ndefu. Na ajizoeze jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni kumwambia mtu mzima: hapa sina raha, nataka kuzungumza na mratibu. Nambari ya mratibu aihifadhi kwa moyo kama anavyohifadhi sura fupi, kwani simu huisha chaji.

Wazazi nao wana mazoezi yao. Tulipokuwa tukipiga simu kila siku, mwili wake ulikuwa Wisconsin na moyo wake Kibokoni. Alikuwa akikesha, kwa maana akitoka shule kule huku kwetu ni saa sita na nusu ya usiku, na sisi pia tulikuwa tukikesha. Tukakubaliana Jumamosi moja kwa wiki, baada ya magharibi yetu, ambayo ni asubuhi yao. Na tulibadili maswali. Hatukumuuliza tena kama yu salama, swali ambalo jibu lake hujulikana. Tulimuuliza amekula nini jana, amecheka na nani, na ni jambo gani lililomkera wiki hii. Akisema hakuna, tulimwambia afikiri tena.

Na wale waliokuja kutuonya, tuliwajibu kwa heshima. Baadhi ya maonyo yao yalikuwa ya kweli. Mtoto ambaye sala yake inategemea kuamshwa, na ambaye hijabu yake inategemea macho ya majirani, bado hajawa tayari, na si vibaya kumwambia asubiri. Lakini huyo tusimdhanie kuwa yuko salama hapa pia, kwa kuwa siku moja atakwenda chuo Nairobi au Eldoret, na huko hakuna mratibu wa kumtembelea kila mwezi.

Aliporudi

Alirudi mwezi Juni. Uwanja wa ndege wa Moi alitoka na mtandio wake, mzigo uliozidi uzito, na barua ya mama yule wa Wisconsin kwa nyanya. Tuliitafsiri usiku ule. Ilishukuru kwa leso tuliyompelekea, na ilisema kwamba nyumba yao ilikuwa imezoea kusikia mtu akiamka kabla ya mapambazuko, na sasa kimya kile kinawapa tabu.

Je, alikuwa ni yule yule? Sala zake zilikuwa pale pale, na adabu zake kwa wakubwa pale pale. Lakini alikuwa amejifunza kusema neno mara moja likawa na maana yake. Siku za mwanzo lilitukwaza, kisha tukalizoea, na mdogo wake ameanza kumwiga.

Usiku wa kwanza nyanya alimkatia kipande cha mkate wa kumimina, akala, akamuuliza kama aongezewe. Akasema ahsante, nimeshiba. Nyanya akamtazama sana, akamuuliza: umeshiba kweli, au ni adabu? Binti akacheka, akasogeza sahani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waliosafiri na waliobaki, na atujaalie sisi wazazi masikio ya kuwasikiliza. Amin.